Fundi Anajibu: Nabonyeza hiki, kinatoka kile

Mwezi huu barua karibu zote ni za kibodi. Hakuna aliyeuliza printa wala virusi, kila mtu analalamika anabonyeza herufi hii inatoka ile, na wengine wameshaanza kusema mashine zimerogwa. Nimechagua chache zenye matatizo yanayofanana na ya wengi, kwahiyo hata kama barua yako haipo hapa isome ya mwenzio, dawa inaweza kuwa hiyohiyo.

Fundi shikamoo. Nina stationery ndogo hapa Mwanza, Nyegezi. Nimenunua kompyuta ya mezani, used, wameniambia imetoka Uingereza. Inafanya kazi vizuri sana shida moja tu, nikibonyeza penye @ inatoka " na nikibonyeza penye " ndo inatoka @. Alama ya pauni nayo haitoki inatoka # . Wateja wanakuja kutuma maombi ya kazi wanashindwa hata kuandika email zao. Jirani anasema kibodi imeingia maji nitupe ninunue nyingine. Nitupe? — Dada wa stationery, Mwanza

Marahaba dada. Usitupe, na huyo jirani mwambie asante ila hapana. Kibodi iliyoingia maji inafanya fujo zisizo na mpango, leo herufi hii imekufa, kesho nyingine inajiandika yenyewe aaaaaa mpaka unachomoa waya. Ya kwako inakosea kwa utaratibu, @ imebadilishana na " , kila siku hivyohivyo. Ukiona kosa lina utaratibu namna hiyo basi kibodi ni nzima, tatizo liko ndani kwenye setingi.

Wengi hawajui hii kitu: kibodi haiijui herufi iliyochapwa juu ya kitufe. Ukibonyeza, inachotuma kwenye kompyuta ni namba ya mahali pale ulipobonyeza, basi. Ni kama konda anayesema "siti namba kumi na sita anashuka", jina la abiria hana habari nalo, mwenye orodha ya majina ndo anajua siti hiyo amekaa nani. Hiyo orodha iko kwenye Windows na ndo tunaita leyauti. Kibodi yako imechapwa kwa leyauti ya Uingereza, lakini aliyekuwekea Windows kaacha leyauti ya Marekani, kwahiyo kompyuta inasoma orodha ya watu wengine. Na hata ukinunua kibodi mpya, Windows haitajua imechapwaje, itaendelea kutumia orodha ileile. Ukibahatika utauziwa yenye mpangilio wa Marekani, utasema "kumbe ilikuwa imekufa kweli", hela imeenda.

Hebu iangalie kibodi yako. Enta yake ni ndefu kwenda juu, imechukua mistari miwili? Shift ya kushoto ni fupi na kati yake na Z kuna kitufe kimoja chenye \ ? Juu ya 3 kuna £ ? Basi hiyo ni ya Uingereza. Ya Marekani Enta yake ni bapa, Shift ya kushoto ni ndefu imegusana na Z, na juu ya 3 kuna #. Na nakuhakikishia sasa hivi kwako kile kitufe cha # kilichobanana na Enta ukikibonyeza kinatoa \ , na kile cha pembeni ya Z nacho kinatoa \ , yaani una mbili na hauna hata ~ ya kuaminika.

Dawa: fungua Settings, ingia "Time & language", halafu "Language & region" (Windows 10 imeandikwa "Language" tu). Pale penye English bonyeza nukta tatu, chagua "Language options", shuka chini kwenye "Keyboards", ongeza "United Kingdom". Sasa hapo wengi wanaishia wakidhani wamemaliza, alafu kesho wananiandikia tena. Ukishaongeza ya Uingereza, rudi UIFUTE ile ya US. Ukiacha zote mbili itakuja siku mteja anabonyeza vitufe bila mpango inarudi ya zamani na wewe uko sokoni. Futa. Na usifute kabla hujaongeza maana lugha haiwezi kubaki bila kibodi hata moja, kile kitufe cha kufuta kitakuwa kimepauka hakibonyezeki, hapo ndo watu wanasema Windows imegoma.

Kitu kingine dada, kabla hujabadilisha angalia neno lako la siri. Kama lina @ ndani na ulikuwa unaliandika kwa Shift na 2, ukihamia ya Uingereza hiyo Shift na 2 itatoa " na utaambiwa umekosea neno la siri mpaka ulie. Haijabadilika password, kimebadilika kitufe. @ sasa itakuwa pale ilipochapwa, karibu na Enta. Pale kwenye kuingia kuna kijicho pembeni ya kisanduku, kishikilie uone unachokiandika.

Fundi habari za kazi. Shule yetu ilipata kompyuta za msaada kutoka Uholanzi, nashukuru sana. Lakini nikiandika mtihani wa Kiswahili neno ng'ombe linatoka ngómbe, ng'ambo linatoka ngámbo, na juzi nimeandika kung'ang'ania ikatoka kitu ambacho hata sikielewi. Nikibonyeza ile alama haitokei kabisa, inasubiri. Na nikifungua nukuu mwanzoni mwa sentensi, "Asante inakuwa Äsante. Nimebadilisha fonti zote hakuna kitu. — Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

Nzuri mwalimu. Fonti usizisumbue, hazina kosa. Umenifurahisha kwa sababu hili tatizo linatugusa sana sisi, tuna ng' na baada yake karibu kila mara inakuja irabu.

Leyauti uliyonayo inaitwa "United States-International". Windows ikiwekwa kwa Kiholanzi ndo inayokuja nayo, kwahiyo nahisi zilifika hivyo na hakuna aliyezigusa. Ni nzuri kwa wanaoandika Kiholanzi au Kireno, maana alama tano ' " ` ~ ^ zinakuwa zimekufa makusudi. Ukibonyeza moja haiandiki kitu, inasubiri herufi inayofuata iipande kichwani. Ukibonyeza ' halafu o inakupa ó. Ukibonyeza ' halafu c inakupa ç. Ndo maana kung'ang'ania yako imetoka kungángánia. Ila ukiandika jina la Kisukuma lenye Ng'w linatoka salama, kwa sababu w haina kofia ya kuvalishwa, alama na herufi zinatoka zote mbili. Kwahiyo wenzako wenye asili ya Shinyanga wakisema kompyuta ni nzima hawakudanganyi, kwao ni nzima.

Kama una haraka na mtihani ni kesho, bonyeza ' kisha spesi kisha o, utapata 'o bila spesi kubaki. Inachosha ila inafanya kazi. Dawa ya kudumu ni kama niliyompa dada wa Mwanza hapo juu: ongeza "US" ya kawaida, futa ile yenye neno International. Fanya kwenye kila kompyuta, na kama kila mwalimu ana akaunti yake ya kuingilia basi fanya kwenye kila akaunti, maana leyauti inakaa na mtumiaji haikai na mashine.

Mitihani uliyokwisha andika usianze upya. Fungua Word, bonyeza Ctrl na H, tafuta ngó badilisha iwe ng'o, halafu ngá iwe ng'a, hivyo hivyo mpaka ngú. Hiyo ó ikope kutoka humo humo kwenye karatasi lako uibandike maana kibodi mpya haitaitoa. Maneno yetu hayana ó kihalali kwahiyo bonyeza "Replace All" bila wasiwasi, labda uwe umeandika na majina ya Wareno kwenye mtihani wa historia.

Assalam aleikum fundi. Nipo Muscat, kazini tunatumia Kiarabu na Kiingereza, na mimi nyumbani naandikiana na jamaa Unguja kwa Kiswahili. Kompyuta inajigeuza yenyewe. Nipo katikati ya kuandika habari mara inatoka اشلاشقه. Narudisha, dakika mbili imegeuka tena. Na siku nyengine ukurasa wote unahamia kulia, mshale unaanzia kulia, hata nikiandika Kiingereza. Mwanangu anasema ni virusi. — Msomaji wenu, Muscat

Waaleikum salaam ndugu yangu. Sio virusi, mwambie kijana atulie. Hilo neno ulilotuma nimelisoma vizuri tu, ni "habari" ileile umeiandika kwa vidole vilevile juu ya orodha ya Kiarabu, h inatoa ا , a inatoa ش , na b kwenye Kiarabu cha Windows inatoa لا nzima, herufi mbili kwa kitufe kimoja. Kwahiyo kompyuta inakuelewa sana, imebadilishiwa orodha tu. Swali ni nani anaibadilisha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni vidole vyako. Alt ya kushoto pamoja na Shift inageuza lugha. Mtu anayeandika haraka, anataka herufi kubwa, kidole kinagusa Alt bila kujua, imeshageuka. Na ule ukurasa kuhamia kulia ni ndugu yake, Ctrl na Shift ya KULIA inageuza mwelekeo wa aya iende kulia kwenda kushoto, Ctrl na Shift ya KUSHOTO inairudisha. Jaribu sasa hivi kwenye Notepad utaona. Hii inatokea tu kwenye kompyuta iliyowekwa lugha kama Kiarabu, ndo maana ndugu zako wa Unguja wenye Kiingereza peke yake hawakuamini.

Mimi nashauri hiyo Alt na Shift iuwe kabisa. Settings, "Time & language", "Typing", "Advanced keyboard settings", halafu "Input language hot keys", kinafunguka kidirisha cha kizamani, bonyeza "Change Key Sequence" na uweke "Not Assigned" pande zote mbili. Utabaki na kitufe cha Windows pamoja na spesi kubadilishia lugha, na hicho huwezi kukibonyeza kwa bahati mbaya, afu kinakuonyesha orodha kabla hakijabadilisha. Hapohapo kwenye "Advanced keyboard settings" kuna kisanduku kinasema kila dirisha liwe na kibodi yake. Kama kimewekwa tiki na wewe hukumbuki kuweka, kitoe, maana unaandika Kiarabu kwenye Word unahamia kwenye kivinjari inakuwa Kiingereza unarudi inakuwa Kiarabu, mtu lazima aone mashetani.

Mtuhumiwa wa pili ni Word yenyewe, na huyu hasemwi sana. Ndani ya Word, File, Options, Advanced, kuna mstari unasema "Automatically switch keyboard to match language of surrounding text". Ukiwa umewekwa tiki, ukibofya kwenye aya ya Kiarabu Word inakugeuzia kibodi iwe Kiarabu, ukibofya kwenye ya Kiingereza inageuza tena, inadhani inakusaidia. Kwa mtu mwenye barua za ofisini zenye lugha mbili ukurasa mmoja, kila mbofyo ni mageuzi. Kwa anayependa sawa, ila kwa maelezo yako wewe, itoe.

Jambo sana fundi. Mimi ni sekretere kwa biro moja ya Bukavu. Tuko na kibodi za Kifaransa na sasa wametuletea mashini mbili za Kiingereza kutoka Kampala. Mkubwa anajua AZERTY tu, vijana wanataka QWERTY. Kila asubuhi ni makelele. Mkubwa akiandika meza inatoka ;ewq. Tufanye nini? — Sekretere, Bukavu

Jambo sana mama. Pole kwa makelele. Hiyo ;ewq inatosha kunionyesha kilichopo: vidole vya mkubwa ni vya AZERTY, ule mpangilio wa Kifaransa, na mashini imewekwa ya Marekani. M yake iko pembeni ya L ambapo Wamarekani wana ; , Z yake iko penye W, A yake iko penye Q. Hamna kilichoharibika.

Msigombanie kitufe cha kubadilishia. Dawa ya biro yenu ni kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye Windows, ya mkubwa iwe na Kifaransa peke yake, ya vijana iwe na US peke yake. Akiingia yeye kibodi ni yake, akitoka wakiingia wao ni yao, hakuna wa kumlaumu mwenziwe. Itabaki kitu kimoja, ile skrini ya kuingilia inatumia leyauti yake yenyewe, na mkubwa akikosea neno la siri asubuhi mbele ya watu mtaijua siku. Fungueni Control Panel, "Region", "Administrative", "Copy settings", muweke tiki kwenye "Welcome screen" mkiwa ndani ya akaunti ya mkubwa. Vijana watazoea, pale kwenye kona ya chini kuna kialama cha lugha wanaweza kukibofya wakabadilisha kabla ya kuandika.

Angalieni pia kama kibodi zenu za zamani ni za Ufaransa au za Ubelgiji, huko kwenu, na Bujumbura na Kigali, zote mbili zinapatikana na zinafanana mpaka mtu anadhani ni moja. Namna ya kuzijua ni @. Kwenye ya Ufaransa ni AltGr (Alt ya kulia) na kitufe cha à chenye 0, kwenye ya Ubelgiji ni AltGr na kile cha é chenye 2. Kistari nacho, ya Ufaransa kiko kwenye 6, ya Ubelgiji kiko baada ya ) mwishoni mwa mstari. Ukichagua "French" kwenye kibodi ya Ubelgiji herufi zote zitatoka sawa halafu alama ndo zitawasumbua, na mtu wa hesabu ndo atakuja kulia. Kwa tarakimu ni Shift kila mara, au mtumie zile za upande wa kulia wa kibodi, zile hazibadiliki nchi yoyote.

Niaje fundi. Mi ni mhasibu Nairobi, natumia UK keyboard, nimefuta US kwa Windows mara mingi lakini inarudi tu. Asubuhi nawasha machine iko UK peke yake, nikiingia kwa server ya kazi na Remote Desktop, boom, US iko hapo tena ndani ya server, na kwa ENG kwa taskbar zimekuwa mbili. Nimechoka bana. — Mhasibu, Nairobi

Poa sana kaka. Umeshajijibu mwenyewe, umesema "nikiingia kwa server". Remote Desktop ina tabia ya kubeba leyauti ya kompyuta inayotoka na kuipachika kwenye inayofikiwa. Na watu wengine ofisini kwako wanaingia kwenye server hiyohiyo na laptop zenye US, kila mmoja na mzigo wake. Kufuta kwenye mashine yako hakutasaidia maana anayepachika anapachika kule.

Aliye na ruhusa kwenye server aende kwenye rejista ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout, aongeze DWORD yenye jina IgnoreRemoteKeyboardLayout aipe thamani 1, halafu awashe upya. Hapo server itaacha kupokea leyauti za wageni. Hii mwachie mtu wa IT, sio wewe na sio jioni ya kufunga mwezi.

Kama US inarudi hata kwenye mashine yako bila server, kuna ujanja ambao unaonekana wa kijinga lakini unafanya kazi: iongeze hiyo US kwa mkono wako halafu uifute. Kuna wakati leyauti inaonekana chini kwenye taskbar lakini kwenye orodha ya setingi haipo, kwahiyo huna cha kufuta. Ukiiongeza inapata mahali, ukiifuta inaondoka kweli. Angalia pia kama una lugha mbili za Kiingereza, ya Marekani na ya Uingereza, kila moja ina kibodi yake ndani. Mhasibu hahitaji Kiingereza mara mbili, bakiza moja.

Fundi mambo. Natumia Ubuntu hapa Arusha, kibodi yangu ni ya UK. Nikiandika setxkbmap uk inakataa inatoa error. Rafiki akaniambia niandike gb ikakubali, ila nikirestati inarudi US. Na kwenye mashine nyingine setxkbmap haifanyi chochote kabisa. — Mwanafunzi, Arusha

Poa mdogo wangu. Rafiki yako yuko sawa, kwenye mambo ya XKB, yaani mfumo wa leyauti wa Linux, Uingereza ni gb. Hiyo amri ni ya muda tu, inabadilisha kikao ulichopo, ukizima imekufa nayo. Na ile mashine nyingine inayokupuuza itakuwa inatumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha skrini badala ya ule wa zamani unaoitwa X, andika echo $XDG_SESSION_TYPE uone. Ubuntu imekuwa ikitumia Wayland kama kawaida yake tangu 21.04, na huko setxkbmap haina mamlaka juu ya meza yako ya kazi.

Usihangaike na amri, fungua Settings, Keyboard, "Input Sources", ongeza English (UK), ivute iwe juu, futa US. Hiyo inafanya kazi kwenye X na kwenye Wayland. Skrini ya kuingilia inasoma faili jingine, /etc/default/keyboard, ndani yake uweke XKBLAYOUT="gb", au uandike sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration ikuulize maswali taratibu. Ukitaka kuona mfumo unaamini nini sasa hivi, localectl status.

Humo kwenye orodha utakuta na Swahili (Tanzania) na Swahili (Kenya). Kuandika Kiswahili huzihitaji, herufi zetu zote ziko kwenye kibodi ya kawaida, zaidi sana utaongeza leyauti moja ya kupotelea. Na kwenye X mwisho ni leyauti 4 kwa pamoja, ukiona mtu kaweka sita halafu analalamika mbili hazifanyi kazi, ndo hiyo.

Fundi, laptop yangu nikiandika moja kwa moja herufi zinatoka namba. Juma inatoka 140a. Leyauti gani hiyo? — Kinyozi, Tabora

Hiyo sio leyauti kaka, ni Num Lock. Laptop ndogo nyingi hazina tarakimu za pembeni kwahiyo zimefichwa chini ya herufi za mkono wa kulia, J ni 1, U ni 4, M ni 0, na zinawashwa kwa Num Lock. Shika Fn ubonyeze kitufe chenye NumLk. Kama hakipo, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja, itatokea kibodi juu ya skrini, ingia Options uiruhusu ionyeshe namba, utaona NumLock humo uizime. Hiyo kibodi ya kwenye skrini wote muikumbuke jamani, inaonyesha herufi za leyauti iliyopo muda huo, ukitaka kujua kompyuta inasoma orodha ipi unaifungua unaangalia tu.

Shikamoo fundi. Nina duka la vifaa Tanga. Naweza kuuza stika za herufi za kubandika juu ya kibodi za Kifaransa na Kiarabu ili watu wanunue? — Mfanyabiashara, Tanga

Marahaba. Unaweza, za Kiarabu hasa zitatoka maana kibodi nyingi zinazouzwa hapa hazina Kiarabu na walimu wa madrasa wanaandika sana siku hizi. Chukua zile zenye mgongo wa uwazi, herufi ya Kiarabu inakaa kona na herufi ya zamani inaendelea kuonekana. Za Kifaransa sikushauri uchukue nyingi, stika ya AZERTY inaficha herufi ya chini kabisa, mtu akibadilisha mawazo inabidi abandue na gundi inabaki inanata vidole. Na kila unayemuuzia muulize kwanza kama leyauti ameshaiweka kwenye kompyuta, la sivyo kesho atakurudishia akisema stika zako ni feki.